Mgomba Hujaza Tumbo, Haujazi Ndoo

Februari, masika hayajaanza, simu zangu nyingi hutoka Kibosho na Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na maneno ni yale yale: "Daktari, ng'ombe anakula vizuri, ila maziwa yamekata." Mimi si daktari wa kutibu, nilisomea lishe ya mifugo. Huwa nawasahihisha, kisha nachukua mizani na kupanda mlima.

Horini nakuta mgomba uliokatwakatwa, mwingi, na tumbo la ng'ombe limejaa kweli. Tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji takribani kilo 12 za chakula kwa siku, tukihesabu kile kinachobaki maji yakishaondolewa. Shina la mgomba ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kilo 40 ulizokata kwa jasho lako, zikikauka, hazifiki 4. Na protini iliyomo humo ni kidogo sana.

Hiyo protini ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu wa kwanza kulishwa si ng'ombe mwenyewe. Ndani ya tumbo lake kubwa kuna vijidudu visivyohesabika, na hivyo ndivyo vinavyovunja nyuzinyuzi za majani. Protini ya chakula ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hudhoofu, majani hukaa tumboni siku nyingi bila kuvunjika, na nafasi ya kula tena haipo. Mnyama ameshiba huku anakonda.

Nililiona hili nikiwa mwanafunzi. Ng'ombe wa utafiti alikuwa na tundu ubavuni lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Tulitia majani kwenye vifuko vya nailoni, tukavitumbukiza humo, tukavitoa baada ya saa 48 na kupima mabaki. Matete machanga yalibaki kidogo tu. Yaliyokomaa yalibaki mengi. Ndiyo maana nikiona matete yamempita mtu kimo nasimama kumtafuta mwenye shamba: yakatwe yakifika kiunoni au kifuani, jamani, msingoje wingi.

Simkatazi mtu mgomba. Kiangazi unasaidia maji, maana kila lita ya maziwa inataka lita 4 hadi 5 za maji ya kunywa. Ila uende pamoja na mabua ya mahindi kutoka tambarare, yaliyokatwa vipande vifupi, na mashudu ya alizeti ya kuongeza protini. Pumba peke yake haitoshi, na ikizidi inaleta tindikali tumboni na kupunguza mafuta ya maziwa. Mahindi yenye ukungu usimpe kabisa: sumukuvu hupita mpaka kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Watoto wako ndio wanaoyanywa.

Muuzaji mmoja wa vyakula vya mifugo aliwahi kunitaka nitaje mfuko wake kila nyumba ninayoingia, anilipe. Nilikataa. Mama anayekamua lita 6 akinunua mfuko asiouhitaji, ada ya mtoto imeondoka hapo.

Ninachowaomba wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, mwaka huu ni miti ya malisho, kaliandra au lusina, kandokando ya mipaka. Andaeni miche sasa, ipandwe mvua ikishika, na isikatwe mpaka ikaribie mwaka. Majani yake yana protini nyingi zaidi kuliko mgomba, na yatakuwepo Februari ijayo.