Kozi ya Usanifu na Ufundi wa Jukwaa si Mlango wa Nyuma wa Kuingilia Uigizaji

Kila msimu wa maombi ya kujiunga na shahada ya usanifu na ufundi wa jukwaa, idara yetu hupokea rufaa za waombaji, wazazi na wanafunzi. Safari hii zimekuwa nyingi, na zinafanana mno, hata imeonekana afadhali kuzijibu kwa pamoja hadharani. Maelezo haya hayachukui nafasi ya kanuni za masomo. Pale yatakapotofautiana nazo, kanuni ndizo zitakazofuatwa.

Tuanze na lililojaza barua nyingi zaidi. Shahada hii haimfundishi mtu kuigiza. Inafundisha mandhari, maleba, taa, sauti, ujenzi wa jukwaa na usimamizi wa onyesho. Mwombaji anayeandika kwamba "ataanza na ufundi halafu ahamie jukwaani" ametuambia kwa mkono wake mwenyewe kwamba nafasi hii haitaki, na sisi tumemwamini. Anayetaka kuigiza aombe uigizaji.

Wazazi nao wana lao. Mmoja ameuliza kwa nini mwanawe asome miaka yote hiyo aje kupigilia misumari. Misumari ipo, hatukatai. Lakini kazi ya kwanza ya mwanafunzi wetu ni kusoma tamthilia, na kuisoma vingine kabisa na asomavyo mtu wa fasihi. Chukua sentensi moja tu ya maelezo ya jukwaani: mhusika anaingia akiwa amelowa mvua. Msomaji wa kawaida ameshapita. Mbunifu wa maleba ameshajua kwamba anahitaji nguo mbili zinazofanana, moja kavu na moja ya kulowanishwa, na kwamba kesho yake usiku ile iliyolowa lazima iwe imekauka tayari kulowanishwa tena. Mtu wa mandhari anawaza sakafu: maji yatadondoka wapi, na nani atateleza dakika kumi baadaye katika onyesho la ngoma? Mtu wa sauti anawaza maikrofoni iliyofichwa kifuani, ambayo haipatani na maji, na pia mvua yenyewe, kama ianze kusikika kabla mlango haujafunguliwa au unapofunguliwa. Mtu wa taa anauliza mvua hiyo ni ya saa ngapi. Meneja wa jukwaa anahesabu sekunde alizonazo mwigizaji kutoka upande mmoja, kumwagiwa maji na kuingia kwa upande wa pili. Mwandishi alitumia sentensi moja. Sisi tunatumia wiki tatu kuifanyia kazi, na huo ndio usomi tunaoutafuta.

Hisabati inahitajika. Sikudhani hili lingehitaji maelezo, lakini barua zinasema vingine. Mifano midogo ya jukwaa tunaijenga kwa skeli ya 1:25, maana yake sentimita moja ya mfano ni sentimita 25 za jukwaa lenyewe. Mtu wa sentimita 170 huwa na kimo cha sentimita 6.8. Mwombaji mmoja alileta mfano mzuri sana kwa macho, rangi zake zimetulia, isipokuwa viti vyake vilikuwa na kikalio cha sentimita 4 kutoka sakafuni. Hiyo ni mita nzima. Tulipomwuliza nani atakaa pale, alijibu kwamba huo ni ubunifu. Ungekuwa ubunifu kama angekuwa amekusudia.

Kwenye taa hesabu haikwepeki kabisa. Kiwango cha DMX512, yaani utaratibu wa kidijitali wa kuziamuru taa za jukwaani, kilichobuniwa mwaka 1986 na ambacho bado kinatumika duniani kote, hubeba njia 512 katika mkondo mmoja, kila njia ikibeba amri ya jambo moja. Taa ya kisasa inayojigeuza yenyewe inaweza kula njia 24: mwanga, rangi, kuelekea kushoto na kulia, na kadhalika. Ya kwanza ikianzia njia ya 1, ya pili inaanzia ya 25, ya tatu ya 49. Taa 21 zitafikia njia ya 504. Ya 22 haitoshi, inahitaji mkondo mwingine. Ukizipa mbili anwani moja zitafanya jambo lilelile kwa pamoja, na ukikosea hesabu njia zake zikaingiliana, moja itageuka kila mwenzake anapobadili rangi. Tunaeleza hivi kwa sababu kila mwaka mtu hukata rufaa kupinga alama za somo hili akidai kwamba "taa ni hisia". Ni hisia, naam. Hufika jukwaani kwa namba.

Sasa kuhusu jalada la kazi, yaani mkusanyo wa kazi ambao mwombaji huja nao kwenye usaili. Tunachotaka kuona ni mikono ya mwombaji. Si lazima awe amewahi kukanyaga ukumbi wa michezo. Aliyeshona gauni, aliyefufua redio iliyokufa, aliyetengeneza mlango, aliyepanga ratiba ya tamasha la shule, wote wana cha kuleta. Walete picha za hatua za kazi, ikiwemo hatua iliyoharibika na maelezo ya jinsi ilivyorekebishwa. Ukurasa ulioharibika hutufundisha mengi kuhusu mtu kuliko kurasa tano zinazong'aa.

Picha zilizotengenezwa na programu za kompyuta kwa kuandikiwa maneno zimeongezeka. Hazikatazwi, mradi mwombaji aseme wazi ni zipi na alizitumia kufanya nini. Kutosema ni udanganyifu, na utaratibu wake ni huu: jalada huwekwa kando, mwombaji huandikiwa, hupewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi, kisha hoja yake husomwa na watu wawili ambao hawakuwa kwenye usaili wake. Uamuzi wao ukithibitisha udanganyifu, ombi hufutwa kwa msimu huo wote, pamoja na chaguo lake la pili katika idara. Kwa kawaida hatufiki huko. Kwenye usaili tunanyooshea kidole jengo la kuvutia lililo kwenye picha na kuuliza: mlango huu unafunguka kuelekea wapi? Ngazi hii inashikiliwa na nini? Aliyelichora hujibu, hata akikosea. Aliyeletewa na programu huitazama picha kama anayeiona kwa mara ya kwanza.

Waliokwisha kujiunga wana malalamiko yao, na mengi ni ya adhabu. "Nimenyimwa karakana wiki mbili kwa kosa dogo." Kosa dogo lenyewe lilikuwa kuning'iniza taa bila kuifunga waya wake wa usalama. Taa ina kibanio, kibanio kina skrubu, skrubu hulegea kwa joto na mtikisiko. Waya upo ili siku ile kibanio kitakaposhindwa, taa ibaki juu. Chini yake kuna mtu anayesema maneno ya mwandishi akiwa na imani kwamba hakuna kitakachomwangukia. Kwa kosa hilo la mara ya kwanza, mwanafunzi huondolewa kwenye kazi za juu mpaka arudie mafunzo na kupita jaribio. La pili hupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Hakuna onyo la mdomo, na msinitumie wajomba.

Kanuni hizi hazikutungwa na watu wanaopenda makaratasi. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, ambao ulikuwa haujatimiza miezi miwili tangu ufunguliwe, ulishika moto katikati ya onyesho la mchana. Taa ya jukwaani iliwasha kitambaa kilichokuwa karibu nayo. Pazia la kuzuia moto lilipoteremshwa, lilikwama njiani. Milango kadhaa haikufunguka. Watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini pazia la moto hujaribiwa hata kama jana lilishuka vizuri, humpa tarehe hiyo na kumwachia aisome.

Adhabu nyingine isiyopendwa ni ya kubadilisha ishara, yaani badiliko la taa, sauti au mandhari lililopangiwa wakati wake katika onyesho, baada ya mazoezi ya kiufundi kufungwa. Mwanafunzi mmoja alipunguza mwanga wa ngazi kwa sababu, kwa macho yake, ulipendeza zaidi. Huenda alisema kweli. Mwigizaji, ambaye kwa wiki nzima aliuona mwanga ule kama alama yake ya kuweka mguu, alikikosa kipandio cha pili. Mabadiliko yote hupitia kwa meneja wa jukwaa na huandikwa kwenye kitabu chake cha ishara, yakiwa na saa na jina la aliyeyaomba.

Meneja huyo, kwenye vifaa vya masikioni, husema "tayari", akataja ishara, kisha husema "nenda". Neno hilo la mwisho halitamkwi kwa sababu nyingine yoyote, hata utani. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwambia mwenzangu kwenye laini hiyohiyo, "Nenda kale, nitashika zamu." Pazia likafunguka. Nyuma yake palikuwa na fundi juu ya ngazi, na hadhira ikampigia makofi.

Kuchelewa ndiko nisikotaka kujadili. Insha ikichelewa hukatwa alama kwa kila siku. Mandhari ikichelewa, watu wameshakata tiketi.

Wanaokuja kwenye usaili walete jalada, penseli, rula ya skeli kama wanayo, na tamthilia moja waliyoipenda ikiwa imeandikwaandikwa pembeni. Baada ya mazungumzo huwa tunawatembeza karakanani, kwa hiyo viatu viwe vya kufunika vidole. Hilo limo kwenye barua ya mwaliko, aya ya tatu, kwa herufi nzito. Hata hivyo kila mwaka kuna anayekuja na kandambili, naye huishia kuiangalia misumeno kupitia kioo cha mlango huku wenzake wakiishika.