Kumfundisha mhudumu kunyamaza

Katika mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia huku Mbeya na Iringa, kwa wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, kazi ngumu si kuwafundisha washiriki la kusema. Ni kuwaachisha kuuliza. Wamezoea kuchukua maelezo, hivyo akiletwa mtu aliyenusurika ajali ya basi Kitonga, swali la kwanza ni "Ilikuwaje?" Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 una nguzo tatu: tazama, sikiliza, unganisha (mtu na msaada anaouhitaji). Haumtaki mhudumu ambane mtu asimulie tukio zima. Anayebanwa anaweza kurudishwa kulekule alikotoka.

Slaidi ziishe kabla ya chai. Muda uliobaki ni wa igizo, watu watatu watatu: mmoja aliyeathirika, mmoja mhudumu, wa tatu anaandika maneno yaleyale yaliyotamkwa. Dakika 8 za igizo, 5 za mrejesho, kisha wanabadilishana. Kisa kiwe cha kubuni. Ukiruhusu mtu alete msiba wake, igizo linageuka tiba nawe hukujiandaa. Mwezeshaji mmoja asipewe kundi, akae tayari kwa atakayeguswa akatoka nje.

Daftari la yule wa tatu ndilo mwalimu. Humo utakuta "jikaze", "kazi ya Mungu haina makosa", "shukuru, wenzio wamekufa". Nia ni njema, lakini anayeambiwa husikia jambo moja tu: funga mdomo. "Kwa nini ulipita huko usiku?" ni baya zaidi, hilo ni shtaka. Badala yake: "Sasa hivi unahitaji nini?" Kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wengi hawafiki nne. Na mtu akianza kulia kwa Kinyakyusa, usimrudishe kwenye Kiswahili.

Anayehema kwa hofu usimwambie avute hewa nyingi, kizunguzungu kitazidi. Aanze kwa kuitoa polepole, miguu ikanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona.

Kuunganisha hudharauliwa, kumbe ndiko msaada unakokatikia. Kila mshiriki aandike karatasi moja: aliye zamu dawatini, 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, na kituo kinachotoa dawa kinga ya VVU kwa aliyebakwa, maana mwisho wa kuianza ni saa 72 baada ya tukio. Kabla hawajatoka ukumbini, namba za wilayani kwao zipigwe zote. Isiyopokelewa ifutwe, itafutwe nyingine.