Kingamwili ya sungura dhidi ya STAT1: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mbeya ina miaka mingi ya utafiti wa kifua kikuu na VVU, na anayechunguza kinga hapo hukutana mapema na STAT1, protini inayopeleka ishara ya kinga ndani ya seli. Interferoni gama, protini ya ishara ya kinga, ikigusa kipokezi chake juu ya seli, STAT1 hubandikwa fosfati kwenye tairosini ya 701, hushikana mbilimbili, kisha huingia kwenye kiini kuwasha jeni za ulinzi. Anayezaliwa na hitilafu katika njia hii huweza kuugua vibaya kwa bakteria jamaa wa kifua kikuu ambao wengi wetu hawatudhuru. Chombo cha kawaida cha kuitafuta ni kingamwili poliklono ya sungura, na kuna maneno mengi juu yake yanayopoteza sampuli za watu.

“Mistari miwili kwenye bloti, chupa ni mbovu.”

Bloti (western blot) hutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kingamwili huionyesha iliyoshikwa kama mstari. Jeni ya STAT1 hutoa protini mbili: alfa ya kilodaltoni 91 (kipimo cha uzito wa protini) na beta ya 84, iliyopungukiwa mkia. Sungura akichanjwa kwa kipande kilichomo katika zote mbili, mistari miwili ni haki yake. Akichanjwa kwa mkia wa alfa, utaona mmoja. Kwa hiyo soma kwanza kikaratasi kuona ni kipande gani kilitumika. Jeli ya asilimia 8 huitenganisha vizuri. Ya 12 huibana ikaonekana kama mstari mmoja mnene.

Wa kutiliwa shaka ni mstari wa kilodaltoni 40 au 50. Mara nyingi protini imekatwakatwa kwa sababu vizuizi vya protease (vimeng'enya vinavyokata protini) vilisahauliwa, au sampuli ilikaa bila barafu. Mwamuzi ni vidhibiti, yaani sampuli za kulinganisha: pakia mikrogramu 20 hadi 30 za protini ya seli za HeLa, zenye STAT1, na kando yake U3A, seli ambazo hazina STAT1. Mstari ukitokea kwenye U3A, hiyo si STAT1 hata ikiwa imekaa kwenye 91 kamili. Neno “mahususi” kwenye lebo halitoshi.

“Poliklono ni ya bei nafuu, kwa hiyo ni duni.”

Ni mchanganyiko wa kingamwili kutoka seli B nyingi, na kila aina hushika sehemu yake ya protini. Formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ikiharibu sehemu moja, nyingine hubaki. Udhaifu wake uko kwingine: toleo jipya (chupa za mkupuo mwingine wa utengenezaji) huweza kutoka kwa sungura mwingine, na mchanganyiko ukawa tofauti. Nunua toleo moja la kumalizia mradi. Ukilazimika kubadili, pima la zamani na jipya kwa sampuli zilezile siku ileile.

“STAT1 imeonekana, basi njia imeamka.”

Kingamwili ya STAT1 jumla haitofautishi iliyolala na iliyoamka. Tumia ile inayotambua fosfati ya 701, na vuna seli dakika 15 hadi 30 baada ya interferoni. Ukivuna kesho yake, fosfati huwa imepungua huku STAT1 jumla ikiwa imepanda, maana interferoni huchochea jeni hiyohiyo.

“Maji yanayochemka yana nyuzi 100.”

Hili ndilo linalotuumiza zaidi huku juu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Maelekezo mengi ya kufunua antijeni kwenye vipande vya tishu, yaani kuipasha tishu moto ili kingamwili iifikie protini, hutaka bafa ya sitrati ya pH 6.0 ikae nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20. Sufuria ya wazi haifiki hapo, hata moto uongezwe vipi. Slaidi hutoka hafifu, mtu anapandisha kingamwili kutoka mzimuo wa 1:200 hadi 1:50, na anachopata ni rangi iliyotapakaa kila mahali. Tumia sufuria ya presha: dakika 3 tangu presha ijae ni mwanzo mzuri. Kisha acha slaidi zipoe ndani ya bafa dakika 20, kwani zikitolewa za moto hukauka na tishu hubanduka.

“Baridi zaidi ni salama zaidi.”

Kingamwili iliyochanganywa na gliseroli asilimia 50 hubaki kimiminika kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwenye 80 chini ya sifuri huganda. Isiyo na gliseroli igawe mikrolita 10 hadi 20 kwa kichupa, ili kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Epuka friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe.

“Azidi huhifadhi kila kitu.”

Sodiamu azidi, dawa ya kuzuia vijidudu, ya asilimia 0.02 ndani ya chupa ya kingamwili ya kwanza (inayoshika STAT1) haina shida, kwani ukizimua 1:1000 na kuosha, huisha. Ukiitia kwenye kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza na yenye kimeng'enya cha HRP kinachotoa ishara ya mstari, huzima kimeng'enya na bloti hubaki tupu. Pia usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi: hujikusanya humo kama chumvi zinazoweza kulipuka.