Slabu ya kebo: usinionyeshe geji ya jeki tu, nionyeshe kebo imevutika milimita ngapi

Watu wakiona slabu ya sentimita 20 imeruka mita 8 kutoka nguzo hadi nguzo bila bimu hata moja wanauliza imeshikiliwa na nini, na jibu la haraka ni kwamba ndani kuna kebo zilizovutwa. Sasa zimevutwaje, zimevutwa lini, na fundi anajuaje kama kweli zimevutika, hapo ndo penye kazi yenyewe na mi ndo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo leo ngoja niieleze taratibu.

Tuanze na zege. Zege ukilikandamiza ni jabali, ukilivuta ni dhaifu, uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wa kukandamizwa. Slabu ikibeba mzigo inapinda, katikati upande wa chini unavutwa, juu ya nguzo unavutwa upande wa juu, na huko ndo nyufa zinaanzia. Nondo za kawaida zinaanza kazi kwa nguvu zote pale zege likishapasuka kidogo. Sisi tunalibana zege mapema kabla mzigo haujafika. Umeshamwona fundi anayeinua tofali nne tano kwa mkupuo, kazipanga mstari kazibana ncha mbili kwa mikono? Hazina gundi na haziachii, kinachozishika ni ule mbano tu.

Kinachobana ni strendi, yaani nyaya 7 zilizosokotwa pamoja, unene wa milimita 12.7 au 15.2, chuma cha nguvu ya kama MPa 1860 (MPa ni kipimo cha nguvu kwa eneo) wakati nondo nyingi za saiti ni za MPa 500. Kwa nini tusivute nondo za kawaida? Hili swali lilijibiwa na injinia wa Ufaransa, Eugène Freyssinet, aliyechukua hataza yake mwaka 1928. Aligundua kwamba zege likibanwa muda mrefu linaendelea kufupika pole pole, halafu linasinyaa pia likikauka. Ukivuta chuma cha kawaida kinarefuka kidogo sana, kwa hiyo zege likishafupika mbano karibu wote umepotea. Strendi yenyewe tunaivuta inarefuka kama milimita 7 kwa kila mita, zege linakuja kufupika chini ya milimita moja kwa mita, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbano inabaki. Hizo milimita 7 ndo akiba yote ya slabu, usizisahau maana narudi nazo chini.

Ujenzi sasa. Boksi, yaani mbao za kushikilia zege, linapigwa kama slabu nyingine yoyote, nondo za chini zinalazwa (zipo, ila chache kuliko slabu ya kawaida), halafu zinakuja kebo. Kuna aina mbili: ile ya strendi moja moja iliyopakwa grisi na kuvikwa plastiki, hiyo inateleza ndani ya ganda lake maisha yote, na ile ya dakti bapa, yaani bomba bapa la kupitishia strendi, inayobeba mpaka strendi 5 na baadaye inajazwa grauti, yaani uji wa saruji. Kila kebo ina anka, yaani kishikizo cha ncha, huku na huku, upande mmoja umefungwa moja kwa moja na upande mwingine ndo wa kuvutia, kebo ikiwa ndefu sana tunavutia pande zote mbili.

Kebo hailazwi ikanyooka. Inapanda juu ya nguzo na kushuka katikati, imekaa kwenye viti vidogo vyenye urefu tofauti, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo pale vijana wa saiti wanapopachukulia poa. Kebo iliyoshuka katikati ukiivuta inataka kunyooka, na ikitaka kunyooka inaisukuma slabu kwenda juu, hiyo nguvu ya kwenda juu ndo inabeba sehemu ya uzito wa slabu yenyewe. Sasa kama kebo imeshuka milimita 120 kwenye mchoro halafu mtu kabadilisha kiti, au fundi wa mabomba kainyanyua apitishe bomba lake na imekaa milimita 20 juu zaidi, umeshapoteza moja ya sita ya nguvu ya kunyanyua kwenye hilo eneo na hakuna atakayeona zege likishamwagwa. Kebo ikienda kombo kidogo kulia au kushoto nitakuelewa, ila urefu wa kiti hapana, mi napima kila kiti kwa futi kabla sijasaini.

Kumwaga zege ni kazi ya kawaida ila vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, ipite vizuri nyuma ya anka, maana pale panakuja kupokea nguvu ya tani karibu 15 kwa kila strendi ya 12.7 kwenye sehemu ndogo, pakiwa na matundu anka inazama ndani ikivutwa. Na usiikanyage dakti wala usiigonge na vaibreta, ikipasuka uji wa saruji unaingia na strendi zinagandia humo humo.

Kuvuta hatusubiri siku 28 za zege kukomaa. Tunapondaponda kyubu, yaani vipande vya majaribio vya zege hilo hilo, zilizokaa pale pale saiti na slabu, zikifika kati ya MPa 20 na 25 kadiri mchoro unavyosema, na mara nyingi ni baada ya siku chache tu, tunaanza. Jeki inavuta kidogo kwanza kuondoa ulegevu, tunapuliza rangi kwenye mkia wa strendi unaotokeza nje, kisha inavutwa mpaka kwenye asilimia 75 au 80 ya nguvu ya kukatika, tukiachia strendi inarudi ndani milimita kama 6 na kabari zinaingia nayo na kuing'ata. Wakati huo hakuna mtu kusimama nyuma ya jeki wala nyuma ya anka ya upande wa pili, nasema hakuna, hata awe nani.

Halafu tunapima ile rangi imesogea kiasi gani. Chukua kebo ya mita 24, zile milimita 7 mara 24 ni 168, ukitoa msuguano hesabu inasema labda irefuke milimita 160. Kanuni za Marekani zinaruhusu tofauti ya asilimia 7, yaani kati ya 149 na 171. Ikisoma 130 wakati geji inasema nguvu imefika, kebo imekwama mahali, pengine dakti imepondeka au saruji imeingia, na sehemu iliyo mbele ya hapo haijapata nguvu kabisa. Ikisoma 185 huenda anka ya mwisho inateleza au geji inadanganya. Geji inakwambia nguvu iliyopo kwenye jeki tu, rangi inakwambia habari za mita zote 24 zilizofichwa, ndo maana mtu akiniletea karatasi yenye namba zote zimefanana kila mstari simkubalii, kebo halisi hazivutiki sawa hivyo. Mikia isikatwe mpaka injinia ameyaona majibu, ukishakata huwezi tena kushika na jeki.

Baada ya hapo mikia inakatwa, mashimo ya anka yanazibwa, na kwenye dakti tunasukuma grauti mpaka itoke upande wa pili ikiwa nzito bila mapovu, maana hewa iliyobaki ndani ndo mlango wa kutu.

Miaka baadaye anakuja mtu na drili anataka tundu la bomba. Kwenye kebo ya grauti ukikata strendi unapoteza nguvu eneo lile na jirani yake tu, sababu grauti inaishika kwingine kote. Kwenye ile ya grisi ukiikata imekwisha kuanzia anka hadi anka, vyumba vyote inavyopita, na inaweza kuchomoka kwa nguvu ikaumiza mtu. Kwa hiyo tafuta mchoro wa kebo, piga rada slabu nzima ya eneo hilo, chora mistari kwa chaki, ndo uwashe drili.