Je, wajua kwa nini injini ya ndege hushika kutu ikiwa imepumzika?

Julai 1916, Wajerumani walipoamua kuizamisha meli yao ya Graf von Götzen karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, mafundi walizipaka kwanza injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa chini ya Ziwa Tanganyika, na bado injini zilifaa. Sasa chukua ndege ndogo yenye injini ya pistoni, iegeshe Kigoma bandani, isipigwe na tone la mvua, ila isiruke tangu Novemba hadi Mei. Ukiifungua unaweza kukuta kutu ndani. Inakuwaje?

Kutu haipatikani bila chuma, maji na oksijeni kukutana. Grisi ya Wajerumani ilivizuia viwili vya mwisho visikifikie cha kwanza. Injini ya ndege hulindwa na oili, na oili haikai ilipopakwa. Inachuruzika taratibu kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Katika injini za kampuni ya Lycoming, ambazo ndizo zinazobeba ndege nyingi ndogo duniani, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Hivyo ndiyo hubaki kavu mapema. Vidoa vichache vya kutu hapo vinatosha: injini ikirudi kazini, uso wa chuma uliochubuka unasagika na kumwaga chembe ndani ya oili. Kamshafti haibadilishwi bila kupasua injini nzima, na gharama yake anaijua aliyewahi kuilipa.

Maji yenyewe yana milango miwili. Wa kwanza ni injini yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi kama mvuke, lakini kiasi hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Kwa sababu hiyo ule mtindo wa kuiwasha injini dakika kumi kila Jumamosi “ili isilale” hauisaidii. Unaongeza maji bila kuipasha oili moto wa kuyafukuza. Lycoming wenyewe hutaka injini iruke saa nzima, oili ikiwa na nyuzi za Selsiasi 75 hadi 93 hivi.

Mlango wa pili ni bomba la kupumulia. Mchana hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Usiku hupoa na kuvuta hewa ya ziwani. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo, ikipoa hadi nyuzi 20 hubeba 17 tu. Tofauti hiyo hutua kwenye chuma kama umande.

Unyevu wa hewa ukishushwa chini ya asilimia 40, kutu karibu inasimama. Kuushusha ndani ya injini hakuhitaji mtambo mkubwa. Kinachotakiwa ni silika jeli (punje zilezile za kwenye maboksi ya viatu) kilo moja hivi, ndoo yenye mfuniko wa kubana, mipira miwili ya plastiki (ya kupitishia hewa), na pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki. Kigoma, mji unaosafirisha samaki wa mapambo hadi Ulaya, pampu hiyo si kitu kigeni.

Werevu uko kwenye mzunguko. Pampu nyingi za samaki huvuta hewa kupitia ganda lake, si kupitia mpira, kwa hiyo iweke pampu yote ndani ya ndoo, juu ya silika. Mpira mmoja utoke kwenye pampu uingie injini kwa mdomo wa kujazia oili. Mwingine utoke bomba la kupumulia, urudi ndooni hadi chini kabisa, ili hewa ipande ikipita katikati ya punje. Ziba kila tundu, ekzosi na njia ya kuingizia hewa pia. Weka sponji kwenye njia ya hewa kutoka ndooni kwenda injini, maana vumbi la silika ndani ya injini ni msasa.

Wapo wanaoacha mzunguko wazi, pampu ikivuta hewa ya nje. Piga hesabu: lita tatu kwa dakika ni zaidi ya mita nne za ujazo kwa siku, na kwa hewa ya masika hizo ni gramu 70 au 80 za maji kila siku. Kilo yako itachoka ndani ya siku chache. Mzunguko ukifungwa, silika inapambana tu na maji yaliyomo ndani na yale yanayopenya kwenye viungo.

Silika ya buluu ikigeuka waridi imeshiba. Ikaushe kwa nyuzi 120, kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni kamwe, kwani rangi hiyo hutokana na chumvi za kobalti, nazo ni sumu.

Na chumvi ya Uvinza je, mbona magunia yake hulowa yenyewe? Hailifai jambo hili. Chumvi huanza kunywa maji unyevu wa hewa unapofika asilimia 75, wakati chuma kimeshaanza kuliwa, na kloridi yake huharakisha kutu.

Kabla ya kufunga mipira, irushe ndege ipate moto vizuri na ubadilishe oili, kisha umshirikishe fundi mwenye leseni. Funga kitambaa chekundu kwenye propela na bango la kukataza kuwasha. Wala mtu asiizungushe propela kwa mkono “kuinyoosha”: atapangusa ile oili kidogo iliyobaki kwenye kamshafti na kuta za silinda.