Tarehe 28 Agosti katika historia ya watu weusi: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila mwaka ifikapo tarehe 28 Agosti, picha ya Martin Luther King Jr. akihutubia mbele ya jengo la kumbukumbu la Lincoln mjini Washington husambazwa kwenye simu, na chini yake huandikwa maneno machache ya hotuba yake ya “Nina ndoto”. Tarehe hiyo imebeba mengi zaidi, na karibu kila tukio lake husimuliwa likiwa limepunguzwa au kupindwa kidogo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba watu wapatao 250,000 walikusanyika mwaka 1963 ili kumsikiliza King. Ukweli ni kwamba yalikuwa Maandamano ya Washington ya Kudai Ajira na Uhuru, na ajira haikutajwa kwanza kwa bahati. Mwasisi wake alikuwa A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, ambaye wazo hilo alikuwa nalo tangu mwaka 1941. Mpangaji wake, kuanzia mabasi hadi vyoo, alikuwa Bayard Rustin, aliyeikamilisha kazi hiyo katika muda usiofika miezi miwili. Rustin ndiye aliyeyasoma madai jukwaani, mojawapo likiwa kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa, wakati sheria ilitambua dola 1.15 tu. Katika kanisa la Riverside, New York, watu wa kujitolea walifungasha vyakula 80,000, kila boksi likiwa na sandwichi ya jibini, kipande cha keki na tofaa, kwa bei ya senti 50.

Wengi huamini pia kwamba maneno ya ndoto yaliandikwa mahususi kwa siku ile. Hayakuwamo kabisa katika hotuba iliyoandaliwa. King alikwisha kuyatumia Detroit mwezi Juni mwaka huohuo, na mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye, ndiye aliyempazia sauti awaeleze watu ile ndoto, naye akaacha kusoma. Kilichokuwa kimeandikwa, na kwa maoni yangu ndicho kikali zaidi, ni mfano wa hundi: Marekani iliwapa raia wake weusi hundi mbovu, ikarudishwa kwa kukosa fedha. Sehemu hiyo hainukuliwi sana.

Kuhusu mwaka 2008, husikika kwamba siku hiyo Barack Obama alichaguliwa kuwa rais. Alikuwa Denver akipokea uteuzi wa chama chake kuwa mgombea urais. Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Novemba. Wala hakuwa mtu mweusi wa kwanza kuuwania uteuzi huo, kwani mbunge mweusi Shirley Chisholm aliuwania mwaka 1972.

Tarehe hiyohiyo mwaka 1955, Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa Mississippi alikokwenda kutembelea ndugu zake. Baadhi ya wasimulizi husema wauaji hawakujulikana. Walijulikana, wakashtakiwa, na jopo la wanaume 12 weupe likawaachia huru baada ya kujadiliana kwa muda wa saa moja hivi. Januari 1956, wakijua kwamba hawawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, walikiri katika jarida moja na wakalipwa. Sheria ya shirikisho dhidi ya mauaji ya namna hiyo, ya chuki ya rangi, iliyopewa jina la kijana huyo, ilitiwa saini mwaka 2022.

Ya zamani zaidi ni ya Uingereza. Tarehe 28 Agosti 1833 sheria ya kukomesha utumwa ilipata idhini ya mfalme, na hapo ndipo wengi hudhani minyororo ilikatika. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, nayo iliwaacha huru papo hapo watoto wa chini ya miaka sita tu. Wengi wa waliobaki waliitwa wanagenzi na kuendelea kuwatumikia mabwana walewale bila ujira hadi mwaka 1838. Maeneo ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu za India, hayakuguswa. Zanzibar, iliyokuwa chini ya sultani, haikuhusika kabisa: soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukapoteza uhalali wa kisheria mwaka 1897. Fidia ilikuwapo, pauni milioni 20, lakini ilikwenda kwa wenye watumwa. Serikali ilikopa ili kuilipa, na deni lililotokana na mkopo huo lilimalizika mwaka 2015, likilipwa kwa kodi za Waingereza, wakiwamo vitukuu wa watumwa wenyewe.