Dokta, kama hujaiona, andika "sijaiona"

Nilipokuwa mwaka wa nne wa udaktari, niliandika kwenye faili la mtoto mmoja kwamba ngoma ya sikio ni ya kawaida. Sikuwa nimeiona. Nilichoona ni uchafu mweupe na mwanga wa otoskopu, kile chombo chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, ukinirudia machoni. Mtoto alikuwa analia, na wenzangu walikuwa nyuma yangu wanasubiri zamu. Daktari aliyenifuata alikausha lile sikio, akatazama tena, akakuta ngoma imetoboka. Alipiga mstari mmoja juu ya neno langu, akaandika alichokiona.

Leo nafundisha mimi. Wanafunzi hukaa kwenye idara yetu ya masikio, pua na koo wiki chache tu, na wengi hawatakuwa mabingwa wa fani hii. Watapangiwa hospitali za wilaya, mahali ambapo kumfikia bingwa ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Kwa hiyo siwakimbizi chumba cha upasuaji. Nataka watoke wakijua kuiona ngoma ya sikio, na siku wasipoiona, waseme.

Tunaanza na mikono. Karibu kila mwanafunzi hushika otoskopu kama nyundo. Namwambia aishike kama kalamu, kidole cha mwisho kiegemee shavu la mgonjwa, ili mtoto akirusha kichwa chombo kiende naye badala ya kumchoma. Mtoto anakaa mapajani mwa mama, kichwa kimeegemezwa kifuani, mkono mmoja wa mama ukizuia mikono yake. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5 na imepinda, kwa hiyo sikio livutwe juu na nyuma ili inyooke. Kwa mtoto mchanga, livutwe chini na nyuma. Sehemu ya ndani ya njia hiyo ni ngozi nyembamba juu ya mfupa, na ukiigusa inauma sana. Mtoto uliyemuumiza sikio la kwanza hatakupa la pili, ndiyo maana tunaanza na lile zima.

Kukiwa na usaha, hakuna cha kuona mpaka ukaushe. Unasokota kitambaa safi cha pamba kuwa utambi, unauingiza, unautoa ukilowa, unaweka mwingine. Hii ni kazi ya uvumilivu, na ni tiba pia, kwa sababu matone ya dawa hayafiki panapotakiwa kama usaha umejaa.

Ngoma nzima ni ya kijivu, inang'aa kama lulu, na mwanga huakisiwa sehemu ya chini kwa mbele. Wanafunzi wakiuona mwanga huo hufurahi na kutoa otoskopu. Hapo ndipo ninapowarudisha. Tazama juu! Kwenye kona ile ndogo ya juu ndiko kolesteatoma inakopenda kujificha. Si saratani. Ni ngozi iliyoingia ndani ya sikio la kati na kujilimbikiza, nayo hula vifupa vya kusikia taratibu, inaweza kufika kwenye neva ya uso, hata kwenye ubongo. Sikio linalotoa usaha wenye harufu mbaya, likapewa matone, likakauka kidogo, likaanza tena, linahitaji mtu wa kutazama pale juu, maana tiba yake ni upasuaji. Neno "kawaida" lililoandikwa kwa haraka linaweza kumchelewesha mtoto wa namna hiyo kwa miaka, mpaka siku anapoletwa mdomo umekwenda upande.

Kipimo cha pili ni kile chuma chenye meno mawili kinacholia kikigongwa, cha hezi 512, yaani mitetemo 512 kwa sekunde. Nawaambia wazibe sikio moja kwa kidole, kisha nakigonga na kukiweka katikati ya paji la uso. Wote hushangaa: sauti inahamia sikio lililozibwa. Wakishaisikia kwa masikio yao hawasahau. Mgonjwa ambaye sikio limeziba ghafla, na sauti ikaenda upande wa sikio zima, hana shida ya nta. Huenda ni neva ya kusikia, na siku zikipita bila tiba, nafasi ya kusikia tena inapungua.

Kuhusu pua nasema machache. Mtoto anayetoa makamasi yanayonuka tundu moja tu ana kitu ndani mpaka uthibitishe vinginevyo. Kikiwa ni betri ndogo ya saa, usisubiri kesho, maana ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeshaanza kuunguza.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniletea faili, mkono ukimtetemeka kidogo. Alikuwa ameandika: "Sikio la kulia, ngoma sijaiona, usaha mwingi. Nimekausha kwa utambi mara nne. Nimeiona: tundu chini kwa mbele, kama robo ya ngoma. Juu sijaona vizuri."

Nilichukua otoskopu, nikaanza na hapo juu.